Bei ya Muda

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje ya nchi. Mwaka uliofuata walifika 620,867. Kenya nayo ilishuka kutoka watalii wapatao milioni mbili hadi chini ya laki sita. Naanza na tarakimu hizi kwa sababu majirani hawa wawili walishika njia zilizopishana. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 13, 2020, ikafunga shule ndani ya siku chache, ikaweka kafyu kuanzia Machi 27, na mwezi Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Tanzania ilimpata mgonjwa wa kwanza Machi 16, ikafunga shule na vyuo na kusimamisha ndege za kimataifa kwa wiki chache, lakini masoko, daladala na nyumba za ibada viliendelea kama kawaida. Baada ya Aprili 29 takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa, na mwezi Juni Rais John Magufuli akatangaza kwamba ugonjwa umekwisha nchini. Mmoja alifunga mlango, mwingine akauacha wazi, na wageni hawakuja kwa yeyote.

Mjadala wa miezi ile, bungeni, redioni na vijiweni, ulichora mizani yenye sahani mbili: afya huku, uchumi kule. Ukijaza huku unapunguza kule, na kazi ya kiongozi ni kuamua aelemee wapi. Picha hiyo ni rahisi kushika, ndiyo maana imedumu, lakini inapotosha kuhusu kile hasa kinachonunuliwa. Amri ya kuwazuia watu wasitoke haimtibu mtu yeyote. Kirusi hakifi kwa sababu soko limefungwa. Kinakosa njia kwa siku kadhaa, kisha kinasubiri. Kinachopatikana ni muda, na muda wenyewe hauna faida mpaka ufanyiwe kitu kabla haujaisha. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba mzozo wa afya dhidi ya uchumi ulitufanya tupime visivyopimika pamoja, tukaacha kuuliza kuhusu bei ya muda: tulipata kiasi gani, tuliutumia kufanya nini, na ulilipiwa kutoka mfuko wa nani. Ukiyauliza hayo, baadhi ya amri zilizolaumiwa sana zinajitetea, na baadhi ya zile zilizosifiwa zinakosa utetezi.

Kwanza tuondoe dhana kwamba bila amri uchumi ungebaki salama. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walitumia nyendo za simu za mkononi kulinganisha maduka yaliyo jirani lakini chini ya mamlaka zenye amri tofauti nchini Marekani. Wateja walipungua kwa asilimia 60, na katika hizo 60 amri za serikali zilichangia pointi 7 tu. Kilichobaki ni watu walioogopa wenyewe. Denmark ilifunga biashara nyingi mwezi Machi 2020 wakati Uswidi iliziacha wazi, na uchunguzi wa miamala ya wateja wa benki moja inayohudumia nchi zote mbili ulionyesha kwamba matumizi yalishuka kwa takriban asilimia 29 Denmark na 25 Uswidi. Tofauti ipo, ila ni ndogo sana ukilinganisha na anguko lenyewe. Kuna utafiti mwingine uliotajwa mno mwaka 2020, wa Sergio Correia, Stephan Luck na Emil Verner kuhusu mafua makubwa ya mwaka 1918 katika miji ya Marekani. Ulidai kwamba miji iliyofunga mapema na kwa muda mrefu haikuumia zaidi kiuchumi, na huenda ilinyanyuka vizuri zaidi. Wakosoaji wakaonyesha kwamba mingi ya miji hiyo, hasa ya magharibi, ilikuwa ikikua haraka hata kabla ya mafua kufika. Huo siutegemei, ingawa ungenifaa.

Hata hivyo ushahidi wa Chicago na Copenhagen haupandi ndege ukashuka Gikomba au Kariakoo bila kubadilika. Hofu inamweka nyumbani mtu mwenye mshahara unaoingia benki mwisho wa mwezi na jokofu lililojaa. Mama lishe anayenunua unga leo kwa mauzo ya jana anaweza kuogopa kuliko wote na bado akawasha jiko saa kumi na moja alfajiri. Nchini Kenya zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi walio nje ya kilimo kidogo wako kwenye jua kali, bila mkataba wala likizo ya ugonjwa. Kwa watu hao hofu peke yake haizuii nyendo, kwa hiyo amri inapokuja ndiyo inayozuia hasa, na gharama yake inawaangukia wao moja kwa moja. Ahmed Mushfiq Mobarak na mwenzake Zachary Barnett-Howell wa Yale waliliona hili mapema, Aprili 2020. Walikadiria kwamba kutokaribiana kunaleta faida ndogo zaidi katika nchi maskini, kwa sababu watu wake ni vijana, hospitali zake hazina vitanda vya kuwaokoa wanaozidiwa, na kila siku ya kukaa ndani inagharimu chakula. Waliosema kwamba Afrika haikupaswa kunakili amri za Ulaya neno kwa neno walikuwa na hoja ya kweli, na haikuwa haki kuwaita wote wakaidi wa sayansi.

Takwimu za Kenya zinaonyesha jinsi pande hizi mbili zilivyochanganyika. Mwaka 2020 uchumi wa nchi ulisinyaa kwa asilimia 0.3. Hoteli na migahawa vilianguka kwa karibu nusu, na sekta ya elimu ikashuka kwa takriban asilimia 10, wakati kilimo, kilichobahatika kupata mvua nzuri, kilikua. Katika robo ya pili ya mwaka huo, watu wapatao milioni 1.7 walitoka kwenye kazi. Sasa tenganisha. Hoteli za Diani na Malindi hazikuuawa na kafyu ya Nairobi. Wageni wake walikuwa wamekwama Milan na Frankfurt, na hakuna tamko la Ikulu ambalo lingewaleta. Anguko la elimu, kinyume chake, lilitokana na amri tupu: wazazi walikuwepo, walimu walikuwepo, na wanafunzi walikuwepo. Ukijumlisha vyote kwenye tarakimu moja na kuiita gharama ya karantini, umeuongeza mzigo wa amri maradufu. Ukiviita vyote gharama ya kirusi, umeisafisha serikali kwa urahisi mno.

Je, muda ulionunuliwa ulikuwa mwingi kiasi gani? Hapa watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walioko Kilifi walifanya jambo la maana bila makelele: walipima kingamwili katika damu ya wachangiaji. Kati ya Aprili na Juni 2020, wakati wagonjwa waliothibitishwa walikuwa maelfu machache tu, damu ilionyesha kwamba takriban asilimia 4.3 ya Wakenya walikuwa wameshaambukizwa. Kati ya Januari na Machi 2021 kiwango katika damu ya wachangiaji kilikuwa asilimia 48.5. Yaani baada ya kafyu, vizuizi vya barabarani, makanisa na misikiti kufungwa na mazishi kuhudhuriwa na watu wachache, karibu nusu ya waliopimwa walikuwa wameshakutana na kirusi. Muda uliopatikana ulihesabika kwa miezi. Haukuwa ukuta.

Jambo la kusisimua zaidi ni jinsi miezi hiyo ilivyogawanyika. Uchambuzi wa mawimbi ya Kenya uliotumia takwimu hizo pamoja na nyendo za simu ulionyesha kwamba wimbi la kwanza, la katikati ya 2020, lilipita zaidi katika makazi ya mijini ya watu wa kipato cha chini, ambao walipunguza kutoka kwa muda mfupi kisha wakashindwa. Wimbi la pili, la mwishoni mwa mwaka, lilibebwa na wenye nafasi, walioweza kujifungia hadi wakachoka au wakaona hatari imepungua. Amri ilikuwa moja, tarehe moja, gazeti moja la serikali. Wenye mshahara wa mwezi waliigeuza kuwa kinga ya miezi kadhaa. Wenye mapato ya kutwa walipoteza mapato na bado wakaambukizwa kwanza. Ikiwa kuna hesabu moja ambayo mizani ya afya na uchumi inaificha, ni hii. Mabadilishano makubwa hasa hayakuwa kati ya afya ya taifa na uchumi wa taifa, bali kati ya muda wa hawa na tonge la wale.

Thamani ya muda ilitegemea pia kilichokuwa kinakuja. Mwanzoni mwa Februari 2020 ni maabara mbili tu barani Afrika, moja Senegal na moja Afrika Kusini, zilizoweza kupima kirusi kipya. Wiki chache baadaye, kwa mafunzo yaliyoratibiwa na Africa CDC, uwezo huo ulikuwa umesambaa katika sehemu kubwa ya bara. Aliyeugua Julai hakuwa katika hali ya aliyeugua Machi. Juni 16, 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa wanaopewa oksijeni. Nchi iliyochelewesha wimbi lake kwa miezi mitatu ilipata matokeo hayo bure. Kwa sababu hiyo nazitetea amri za Machi na Aprili 2020, hata zile zilizoonekana kali kupita kiasi. Hakuna aliyejua kirusi kinaua watu gani na kwa kiwango gani, na kusubiri wiki nane kabla ya kukubali maambukizi kulikuwa busara ya mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Utetezi huo unapungua kila mwezi unaoongezeka, na haupungui kwa mwendo uleule kila mahali. Uingereza ilichanja mtu wake wa kwanza nje ya majaribio Desemba 8, 2020. Ilipofunga tena Januari 2021, kila wiki ya kufungwa ilikuwa wiki ambamo wazee wengine maelfu kwa maelfu walipata sindano. Muda ulikuwa na kituo cha kufikia. Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza, dozi zaidi kidogo ya milioni moja, Machi 3, 2021, na muda si mrefu India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikabana mauzo ya nje kwa sababu wimbi lake lenyewe lilikuwa linaua. Uganda ilipofunga tena Juni 2021, dozi zilizokuwa zimefika hazikutosha hata wazee na wahudumu wa afya. Siku moja ya kukaa ndani Leeds na siku moja ya kukaa ndani Kampala ziligharimu njaa tofauti na zilinunua vitu tofauti, ingawa kwenye majedwali ya kimataifa zilipewa alama sawa za ukali wa amri.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikungoja India wala Oxford, nacho ni oksijeni. Utafiti uliofanywa katika nchi kumi za Afrika na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021 ulifuatilia wagonjwa mahututi wa korona waliolazwa: asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku thelathini, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Waandishi walielekeza kidole kwenye uhaba wa vifaa na wahudumu. Mtambo wa kuzalisha oksijeni na mabomba ya kuifikisha wodini ni kazi ya mafundi, na miezi sita au minane inatosha kwa hospitali nyingi kama fedha na nia vipo. Hapo ndipo serikali iliyofunga masoko inapaswa kuulizwa swali gumu kuliko lile la kwa nini ilifunga: wakati muuza mboga wako yuko nyumbani, ulimnunulia nini kwa siku alizokupa?

Mfano mzito kuliko yote wa muda ulionunuliwa na kuachwa uoze ni shule za Uganda. Zilifungwa Machi 20, 2020, kabla nchi haijathibitisha mgonjwa hata mmoja, na wakati huo ulikuwa uamuzi wa tahadhari unaoeleweka. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, mengine kwa awamu mwaka 2021, kisha wimbi la Juni likafunga kila kitu tena, na milango haikufunguliwa kwa wote hadi Januari 10, 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili ya masomo, ndefu kuliko mahali pengine popote duniani, kwa wanafunzi wapatao milioni 15. Taifa ambalo nusu ya watu wake hawajafika miaka kumi na minane liliwafungia hasa wale ambao kirusi kilikuwa kinawadhuru kwa nadra, na hilo lilishajulikana katikati ya 2020. Masomo ya redio na karatasi zilizochapishwa magazetini ziliwafikia wenye redio na wenye mzazi anayesoma Kiingereza. Wengine waliingia machimboni, mashambani na sokoni, wasichana wakaolewa au kupata mimba, na shule binafsi zikageuzwa hoteli au maduka kwa sababu mkopo wa benki haukuwa na likizo.

Ona jinsi mizani ya kawaida inavyoshindwa kuliona hilo. Katika Pato la Taifa la mwaka 2021, mtoto wa miaka tisa aliyesahau kusoma haonekani. Hajapoteza mshahara kwa sababu hakuwa nao. Katika takwimu za afya pia haonekani, kwa sababu hajalazwa. Gharama yake imeahirishwa hadi mwaka 2035 atakapotafuta kazi, na kiongozi anayeangalia sahani mbili tu anaona ya afya imepanda na ya uchumi haikushuka sana. Katika jambo hili Tanzania, iliyorudisha wanafunzi Juni 29, 2020, iliamua vizuri kuliko majirani zake wawili wakubwa, na haifai kunyimwa haki hiyo kwa sababu ya makosa mengine, hata kama sababu zilizotolewa wakati ule hazikuwa hizi ninazozitaja.

Hapo msomaji atasema: basi Tanzania ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Serikali yake iliripoti ukuaji wa asilimia 4.8 kwa mwaka 2020, wakati Kenya ikirudi nyuma. Pingamizi hili lina nguvu na linastahili jibu refu. Kwanza, Benki ya Dunia ilikadiria ukuaji wa mwaka huo kuwa asilimia 2.0, kutoka 5.8 mwaka uliotangulia, kwa hiyo hata nchi iliyoacha milango wazi ilipoteza sehemu kubwa ya mwendo wake. Pili, mwaka 2020 bei ya dhahabu ilipanda sana duniani, na Tanzania ni mchimbaji mkubwa. Dhahabu iliziba kwa kiasi pengo la Serengeti na Zanzibar. Chai na maua ya Kenya hayakuwa na bahati kama hiyo. Bado nakiri kilichobaki baada ya kuondoa hayo: mmachinga wa Kariakoo aliuza siku ambazo mwenzake wa Muthurwa alikuwa akikimbizwa, na chakula alichopeleka nyumbani kilikuwa chakula kweli.

Kasoro iko kwingine. Kuacha masoko wazi ni uamuzi. Kuacha kuhesabu wagonjwa ni uamuzi mwingine kabisa, na wa pili haukuwa na faida yoyote ya kiuchumi ya kuuhalalisha. Nchi ingeweza kuacha Kariakoo wazi na papo hapo ikapima, ikatangaza, ikasisitiza barakoa, ikawaomba wazee wapunguze kutoka na ikaagiza chanjo mapema. Badala yake mkuu wa maabara ya taifa alisimamishwa Mei 2020 baada ya rais kueleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizotumwa kwa siri zilikuwa zimerudi na majibu ya kuwa na korona. Mwanzoni mwa 2021 matangazo ya vifo yalizoea maneno „changamoto ya upumuaji“ na nimonia. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema waziwazi kwamba ana korona, alifariki Februari 17 mwaka huo. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, Julai 28, 2021, na Septemba Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567 kwa ajili ya kukabili athari za janga ambalo mwaka mmoja nyuma lilisemwa kuwa halipo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kama njia ya Tanzania iligharimu maisha mengi au machache kuliko ya Kenya. Aliyevunja mizani hawezi kudai kwamba alipima.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, na mara nyingi husemwa kwa hasira: uhai hauna bei, na anayeuweka kwenye hesabu pamoja na kodi ya kibanda amekosa utu. Nalielewa, lakini halisaidii kuamua. Mwaka 2020 watu waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu duniani walikuwa milioni 5.8, kutoka milioni 7.1 mwaka 2019. Ugonjwa haukupungua, wagonjwa hawakufika kliniki au kliniki zilikuwa zimegeuzwa kazi. Uganda ilipopiga marufuku magari ya abiria na ya binafsi, mjamzito alihitaji ruhusa ya mwakilishi wa rais wa wilaya ili apelekwe kujifungua, hadi kilio cha umma kilipoilazimisha serikali kulegeza. Hivyo ni vifo vilevile, vya watu walewale, vikiwa upande ule ambao tuliambiwa ni wa pesa. Ukikataa kuweka uhai kwenye hesabu, hujaulinda. Umekubali tu kwamba baadhi ya maiti hazitahesabiwa.

Gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti ni ya rungu. Jioni ya kwanza ya kafyu ya Kenya, polisi walifyatua mabomu ya machozi kwa watu waliokuwa wakingoja kivuko Likoni, watu waliobanana kwa sababu wote walitakiwa kuvuka kabla ya saa moja. Amri ya kupunguza msongamano ilizaa msongamano, kisha ikaupiga, na umati ukakohoa pamoja. Mwanzoni mwa Juni mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilikuwa ikihusisha vifo 15 na askari waliokuwa wakisimamia kafyu. Sheria inayohitaji rungu ili mtu asitafute unga haijakosa ukali, imekosa unga.

Na unga ungewezekana. Togo, nchi maskini kuliko Kenya, ilianzisha mpango wa Novissi Aprili 8, 2020: mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi alijisajili kwa simu ya kawaida, na fedha zikaingia kwenye simu hiyo kila baada ya wiki mbili, faranga 12,250 kwa mwezi kwa mwanamke na 10,500 kwa mwanamume. Kenya ilikuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007. Ilipofika zamu yake, nguvu kubwa ya msaada wa Nairobi ilielekezwa kwenye kodi: wenye mishahara ya hadi shilingi 24,000 wakasamehewa kodi ya mapato, kiwango cha juu kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na VAT kutoka 16 hadi 14. Msamaha wa kodi ya mshahara ni zawadi kwa mwenye mshahara. Mpango wa Kazi Mtaani uliwapa vijana wa mitaa duni vibarua vya usafi, na ulisaidia, lakini ulikuwa mdogo mbele ya idadi ya waliofungiwa. Wanaohofia kwamba fedha za bure zingewafanya watu wabweteke au wazifuje wana ushahidi wa nyumbani wa kuusoma: katika vijiji vya Siaya na Bomet, ambako mpango wa majaribio wa kipato cha msingi ulikuwa tayari unaendelea janga lilipoingia, Abhijit Banerjee na wenzake walikuta kwamba kaya zilizopokea fedha zilipata njaa, ugonjwa na msongo kidogo kuliko jirani zao. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini ilikwenda upande unaotakiwa, na wapokeaji walipunguza kutembeleana huku wakiendelea na biashara. Mtu aliyeshiba anaweza kuchagua kubaki nyumbani. Huyo ndiye mtu ambaye amri za Ulaya ziliandikwa kwa ajili yake.

Miezi minane tu baada ya shule za Uganda kufunguliwa, Septemba 20, 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa Mubende. Haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Safari hii serikali haikufunga nchi: kuanzia katikati ya Oktoba ilizifunga wilaya mbili, Mubende na Kassanda, kwa takriban miezi miwili, na wahudumu wakatumia siku hizo kuwafuata waliokutana na wagonjwa, mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji. Ebola inaruhusu kazi hiyo kwa sababu mtu haambukizi kabla ya dalili kuonekana, tofauti na korona. Ugonjwa ulifika Kampala pia, lakini shughuli za mji hazikusimamishwa, na Januari 11, 2023 mlipuko ukatangazwa kuisha: wagonjwa 142 waliothibitishwa, vifo 55 miongoni mwao. Muda uliopatikana ulitumika kwa kazi inayojulikana, na ulikuwa na mwisho. Malipo yake, hata hivyo, hayakugawanywa. Wenye bodaboda wa Mubende hawakuruhusiwa kubeba abiria na wachuuzi wa Kassanda hawakuruhusiwa kutoka nje ya wilaya, huku masoko ya Kampala, ambayo yalilindwa na kukaa kwao ndani, yakifunguliwa kila asubuhi kama kawaida.